Mkomunisti Aliyeanzisha Kampuni

Mtu akizidiwa na ugonjwa hapa Kisumu, atapelekwa Russia. Makanga wa matatu za Kondele hulitaja jina hilo, wauguzi wa humo ndani hulitumia, na mama anayempelekea mgonjwa wake uji hamwelekezi mtu wa bodaboda kwa jina jingine. Bango la langoni linasema Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Jina la bangoni na jina la mdomoni yote mawili yametokana na kisa kimoja, na kisa hicho ndicho ninachofundisha kila mwaka nikifika kwenye sura ya Kenya baada ya uhuru.

Wanafunzi wangu wa kidato cha nne huja na majibu tayari kutoka nyumbani. Jaramogi: mkomunisti. Tom Mboya: mtu wa Marekani. Kenyatta: bepari. Wakishayakariri hayo wanaona somo limekwisha. Mimi sikubali, na nina sababu. Ukifuatilia watu hao watatu walisoma wapi, walifanya kazi gani na walikula kwa jasho gani kabla ya kuingia serikalini, utakuta kila jina limemwangukia asiyestahili.

Jaramogi kwanza, aliyekuja kuwa makamu wa rais. Mtoto wa Sakwa, Bondo, aliyesoma Maseno, kisha Alliance, kisha Makerere. Shule hizo ziliendeshwa na wamisionari na Waingereza; Mrusi hakuwahi kumfundisha alfabeti. Alirudi kuwa mwalimu Maseno, akaacha ualimu kwa ajili ya biashara. Mwaka 1947 akaanzisha kampuni iliyoitwa Luo Thrift and Trading Corporation. Alizunguka Nyanza nzima akiuza hisa, akavuka hadi Uganda na Tanganyika kuwafuata Wajaluo waliokuwa kazini huko, akiwashawishi watoe shilingi zao waziweke pamoja. Kutokana na fedha hizo Kisumu ilipata jengo la Ramogi House, katika mji ambao wakati ule biashara yake ilikuwa karibu yote mikononi mwa Wahindi na Wazungu. Hoja yake ilikuwa wazi: Mwafrika asiyeweza kuendesha duka hataaminiwa kuendesha nchi. Mtu aliyeuza hisa mlango kwa mlango ndiye huyo waliyekuja kumwita mkomunisti mkuu wa Afrika Mashariki.

Sasa Kenyatta. Mwaka 1932 George Padmore, mwanaharakati kutoka Trinidad, alimsaidia kwenda Moscow, na huko alisoma hadi 1933 katika chuo cha kikomunisti kilichowaandaa vijana wa makoloni kwa mapinduzi. Wanafunzi wangu hawaamini hilo wakilisikia mara ya kwanza. Kati ya viongozi hawa watatu, aliyepitia darasa la ukomunisti katika Moscow ya Stalin ni yule aliyekuja kuwafukuza chamani watu aliowaita wakomunisti.

Naye Mboya, rafiki wa kina Kennedy, alizaliwa mwaka 1930 kwenye shamba la mkonge karibu na Thika, ambako baba yake, mtu wa Kisiwa cha Rusinga, alikuwa nyapara. Kijana huyo alisomea ukaguzi wa afya, akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi, na huko akaanza kuwaunganisha wafanyakazi wenzake. Mwaka 1953, akiwa bado na miaka 23 tu, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Kenya. Makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma mwaka 1955, yeye ndiye aliyewasimamia. Kwa hiyo aliyekulia kwenye kambi ya vibarua na kupanda cheo kwa migomo ni huyu tunayemwita mtu wa Marekani, na aliyepanda kwa kuuza hisa tunamwita mjamaa.

Msichana mmoja aliwahi kuniuliza darasani, "Kwani mwalimu, walibadilishana?" Nilimwambia swali lake ni zuri kuliko majibu mengi niliyosoma. Hawakubadilishana kitu. Dunia ya wakati ule ilikuwa imegawanyika pande mbili, na kila upande ulikuwa unatafuta mtu wa kumlipia tiketi. Wamarekani walipitia kwa Mboya. Mwaka 1959 ndege iliwachukua wanafunzi 81 kwenda vyuo vya Marekani, na mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000 ili safari ziendelee. Jaramogi alizuru China na Urusi mwaka 1960, na kuanzia hapo vijana wengi walipitia kwake kwenda Moscow, Prague, Berlin Mashariki na kwingineko. Ukienda vijiji vya Siaya na Homa Bay leo utawakuta wazee waliosomea udaktari au uhandisi kwa Kirusi, na majirani zao waliosoma kwa Kiingereza cha Marekani, wote wakiwa wamejenga nyumba za mabati kando ya barabara moja.

Kosa linalorudiwa sana ni kwamba Barack Obama mkubwa, mtu wa Kogelo, alipanda ndege ya Mboya ya mwaka 1959. Hakuipanda. Walimsaidia wanawake wawili wa Kimarekani waliokuwa wakifundisha kusoma na kuandika jijini Nairobi, na akafika Hawaii kwa njia hiyo. Alikuwa karibu na Mboya, hilo ni kweli, lakini ukaribu huo haukumziba mdomo. Nitamrudia.

Tofauti halisi kati ya Jaramogi na wenzake serikalini ilikuwa ardhi. Mashamba ya Wazungu kuanzia Nakuru hadi Kitale yangerudi vipi? Serikali ilichagua kuyanunua. Mpango wa ekari milioni moja ulianza mwaka 1962 kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia, na mkulima aliyekatiwa kipande Lugari au Muhoroni alianza maisha yake mapya akiwa na deni. Alikuwa akilipia udongo ambao babu yake hakuuza. Bildad Kaggia, mmoja wa wale sita, pamoja na Kenyatta, ambao mkoloni aliwashtaki na kuwafunga Kapenguria, alisema bungeni na mikutanoni kwamba wasio na ardhi wapewe bure. Jaramogi alisimama naye. Kenyatta alimkabili Kaggia hadharani kule Kandara mwaka 1965, akamlinganisha na wenzao waliofungwa pamoja ambao sasa walikuwa na mashamba na biashara, na kumuuliza yeye amejifanyia nini. Kila nikilifikia tukio hilo darasani hupunguza mwendo. Hilo swali la Kandara lilisema wazi kuliko hotuba yoyote serikali mpya ilikuwa ikielekea wapi, na Kaggia, aliyeulizwa kama aibu, ndiye ninayemheshimu zaidi katika kisa hiki chote.

Mwaka huo wa 1965 unastahili kufundishwa mwezi kwa mwezi. Tarehe 24 Februari, Pio Gama Pinto, Mkenya mwenye asili ya Goa na mpangaji hodari wa kambi ya Jaramogi, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi. Mwezi wa Aprili meli ya Kisovieti iliyoitwa Fizik Lebedev ilitia nanga Mombasa ikiwa na silaha. Kenyatta akazikataa, serikali ikisema ni kuukuu, na meli ikarudi nazo. Mei, malori yaliyobeba tani 75 za silaha za Kichina yalikamatwa huku kwetu, Nyanza Kusini, yakitoka Tanzania kwenda Uganda bila ruhusa ya Kenya. Obote, waziri mkuu wa Uganda, alilazimika kuja Nairobi mwenyewe kumtuliza Kenyatta. Silaha zilikuwa za Uganda na ziliishia Uganda, lakini fikiria zilipita wapi: katikati ya ngome ya Jaramogi, mwezi mmoja baada ya ile meli. Haukuhitajika ushahidi tena kwa waliokuwa wakitafuta sababu.

Na katikati ya hofu hiyo ndipo ukatoka Waraka wa Bunge Nambari 10, kuhusu ujamaa wa Kiafrika na namna ya kuutumia katika mipango ya Kenya. Wizara iliyouandaa ni ya Mboya. Kenyatta aliutambulisha kama jibu la kumaliza mabishano ya nadharia. Nimeusoma mara nyingi, na napenda kuwasomea wanafunzi sehemu zake kwa sauti. Jalada linasema ujamaa. Ndani, mali ya mtu binafsi inalindwa, mtaji wa kigeni unakaribishwa, na utaifishaji unawekwa mbali kabisa. Nyerere, aliyetangaza Azimio la Arusha tarehe 5 Februari 1967 na kuzitwaa benki siku chache baadaye, alitumia neno lilelile kwa nchi tofauti kabisa, ng'ambo tu ya ziwa letu. Kaunda akauita wake utu, Senghor akaunganisha wake na weusi wa Mwafrika, Nkrumah akauandikia kitabu cha falsafa. Miaka ile hapakuwa na kiongozi wa Afrika aliyetaka kuonekana akiongoza nchi ya kibepari, hata aliyekuwa akiijenga.

Aya ya 133 ya waraka huo ndiyo inayonifanya niwaombe wanafunzi wafunge madaftari wasikilize. Inasema fedha za maendeleo ziwekezwe mahali ambapo zitaongeza uzalishaji zaidi: penye mali asili, ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme, na penye watu waliozoea maendeleo na wako tayari kuyashughulikia. Isome ukiwa umeketi Turkana. Isome ukiwa Mbita mwaka 1965, ambako kivuko ndicho kilikuwa barabara. Barabara na umeme vilikuwa vimewekwa na mkoloni mahali Mzungu alipolima, yaani Nakuru na nyanda zake, pamoja na Kenya ya kati. Sasa kuwa navyo kukawa ndiyo sifa ya kuongezewa. Wachumi walikuwa na hesabu zao: nchi changa, fedha kidogo, zipande penye rutuba kisha matunda yagawanywe. Kugawanywa kwenyewe kuliachwa kusubiri, na vizazi viwili vikasubiri.

Aliyeusoma waraka huo kwa jicho kali kuliko wengi alikuwa yule mtu wa Kogelo. Julai 1965 alichapisha makala katika jarida la East Africa Journal akiuliza ujamaa huu uko wapi. Alihoji haraka ya kugeuza ardhi ya jamii kuwa hati za watu binafsi. Alitaka serikali iseme waziwazi itafanya nini juu ya biashara ambazo karibu zote zilikuwa mikononi mwa wasio Waafrika. Na alisema kwamba, kwa nadharia, serikali inaweza kutoza kodi hata asilimia 100 ya kipato, mradi wananchi wapate huduma zinazolingana na walichotoa. Waraka ulikuwa wa wizara ya rafiki yake na kijana mwenzake wa Nyanza. Miaka zaidi ya 40 baadaye, mwanawe alipogombea urais wa Marekani, makala hiyo ilifukuliwa na wapinzani wakaishika sentensi ya kodi kama ushahidi wa ukomunisti wa kurithi. Nawasihi wasomaji waisome yote. Ni kazi ya mchumi anayetaka nchi yake ifanikiwe, na hoja yake kuhusu ardhi imezeeka vizuri.

Kuogopa mawazo ya watu wa huku ni desturi iliyoanza kabla ya mtu yeyote wa Nyanza kusikia habari za Lenin. Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alisema amemezwa na nyoka wa ziwa, Mumbo, na kutapikwa akiwa na ujumbe: Wazungu wataondoka. Wafuasi wakaenea hadi Kisii, viongozi wakahamishwa mbali. Desemba 1921 walimu vijana waliosoma Maseno walikutana Lundha, Gem, chini ya Jonathan Okwiri, wakapinga kodi, kipande na kugeuzwa kwa nchi kuwa koloni. Watu wakaziita harakati hizo Piny Owacho, nchi imenena. Serikali ilipata wasiwasi, na padri wa Kianglikana mwenye cheo cha Archdeacon, Walter Owen, akaingia kati na kukigeuza chama chao kuwa chama cha ustawi wa walipakodi mwaka 1923. Wanachama waliahidi kuua panya, kuchimba vyoo na kupanda miti. Wengi humhukumu Owen hapo na kuishia hapo. Lakini mzungu huyohuyo aliandika barua baada ya barua kwa magazeti ya Uingereza kuhusu kazi za kulazimishwa na vibarua wa watoto, hadi walowezi wakamwita kwa Kiingereza jina la kumfananisha na shetani mkuu. Panya na barua vyote ni vyake.

Na Bungoma walikuwa na Elijah Masinde. Kabla ya kuwa nabii wa Dini ya Msambwa alikuwa mwanasoka, naye aliichezea Kenya katika Kombe la Gossage. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikataa amri za serikali, akafungwa, kisha akapelekwa hospitali ya akili ya Mathari. Alipoachiwa mwaka 1947 aliwapeleka wafuasi wake Chetambe, ambako Wabukusu waliuawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895, kuwakumbuka waliokufa. Mwaka 1948 dini yake ikapigwa marufuku, naye akahamishiwa Lamu. Uhuru ukaja, akarudi nyumbani, akaendelea kusema yaleyale kuhusu ardhi na utawala. Mwaka 1968 serikali ya Waafrika ikaipiga marufuku dini yake tena. Bado sijaona kitabu cha shule kinachomweka Masinde kwenye sura ya itikadi; huwekwa kwenye sura ya dini, kana kwamba mtu akiomba mababu zake hawezi kuwa na msimamo kuhusu ardhi.

Turudi mjini. Machi 1966, mkutano wa chama tawala, KANU, kule Limuru ulimwondolea Jaramogi cheo chake cha chama kwa kukigawa vipande vinane. Aliacha umakamu wa rais, akaunda Kenya People's Union pamoja na Kaggia, na alama yao ikawa ndume. Bunge likabadilisha sheria haraka ili waliohama chama warudi kwa wapiga kura. Kati ya viti 29 wakapata tisa, ingawa kura zao zote zikijumlishwa zilizidi za KANU. Tarehe 5 Julai 1969 Mboya akauawa kwa risasi barabarani Nairobi. Akazikwa Rusinga, na kaburi lake limejengewa jengo lenye umbo la risasi.

Kisumu ilikuwa bado na matanga moyoni Kenyatta alipokuja tarehe 25 Oktoba kuifungua hospitali mpya, iliyojengwa kwa msaada ulioombwa Moscow mwaka 1964 na ujumbe wa Jaramogi, wakati angali ndani ya serikali. Umati ulipiga kelele za ndume. Rais na aliyekuwa makamu wake wakarushiana maneno makali mbele ya watu. Msafara ulipoondoka, walinzi walifyatua risasi kwa watu waliokuwa kando ya barabara, watoto wakiwemo. Serikali ilitaja vifo 11. Kisumu haijawahi kuikubali hesabu hiyo. Siku mbili baadaye Jaramogi akawekwa kizuizini, na tarehe 30 Oktoba chama chake kikafutwa. Jengo la Warusi liliendelea kupokea wagonjwa. Wazee waliokuwa vijana siku ile bado wapo, na nikiwaomba waje kuzungumza na darasa langu wapo wanaokubali na wapo wanaoniambia, "Nyathina (mwanangu), hilo liache." Naliheshimu jibu hilo pia.

Kuhusu Nyayo nitasema machache, maana wengi wanaikumbuka. Moi, wa Kabarak pale Nakuru, alitangaza amani, upendo na umoja, na mwaka 1986 kukatoka kitabu chenye jina lake cha kuieleza falsafa hiyo. Kizazi changu kinakumbuka zaidi ile pakiti ya pembetatu ya maziwa ya shule. Maziwa yale yalikuwa sera bora ya mgawanyo kuliko chochote kilichoandikwa kwenye kitabu, kwa sababu yalimfikia mtoto wa Budalangi sawa na wa Nyeri.

Wapo wanaosema familia ya Odinga ndiyo iliyobeba itikadi kwa damu. Jaramogi alikataa wanawe wabatizwe kwa majina ya Kizungu, akavutana na kanisa, wakabaki Oburu na Raila. Raila akasoma Magdeburg, Ujerumani Mashariki, akarudi mwaka 1970, akamwita mwanawe wa kwanza Fidel Castro. Wakati huohuo alianzisha kiwanda cha mitungi ya gesi. Mimi nawaona baba na mwana wakiwa kitu kimoja hapo: jina la kimapinduzi, leja ya biashara, na imani kwamba ya pili inaipa ya kwanza miguu.

Kwangu mimi, basi, swali la kumpima kiongozi ni lile la aya ya 133: fedha ya umma inaenda wapi kwanza? Katiba ya 2010 ililijibu kwa njia mbili. Kaunti zote kwa pamoja zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Na kifungu cha 204 kikaunda Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato kila mwaka, kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Barabara na umeme ndivyo vilevile ambavyo waraka wa 1965 ulivifanya sharti la kupata. Hazina hiyo ilipewa miaka 20, kwa hivyo inafikia kikomo mwaka 2030 Bunge lisipoongeza muda. Muhula huu nimewapa wanafunzi wangu kazi ya kuiandika aya ya 133 na kifungu cha 204 kwenye ukurasa mmoja, kisha kwenda kumuuliza kila anayeomba kura katika wadi yao kama atadai muda huo uongezwe.